Anzia Upande Huu

Kibondo nzima wananiita Mzee wa Mishumaa, na mshumaa sijawahi kutengeneza hata mmoja. Nimewaeleza mpaka nimechoka. Mimi natengeneza sinema. Natengeneza sinema kwa nta ya nyuki, na kama yupo mwingine anayefanya hivyo nchi hii, basi kajificha vizuri kweli, maana nimemtafuta. Tulikuwa wawili tu, mimi na Reverien. Tangu mwisho wa mwaka 2012 nikabaki peke yangu.

Acha nieleze kazi yenyewe, nisije nikaambiwa nimepungukiwa akili, kama wanavyosema pale sokoni. Unayeyusha nta, unaichuja. Nyingine unaitia masizi ya sufuria iwe nyeusi, nyingine unaitia udongo mwekundu uliochekechwa, na nyingine unaiacha na unjano wake ilivyotoka mzingani. Halafu unajenga pande, kiasi cha mkate mrefu. Ndani ya pande unapitisha michirizi ya rangi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono wa mtu ni mchirizi mweusi. Ukitaka mtu huyo ainue mkono, unaupandisha mchirizi kidogo kidogo humo humo ndani. Ukimaliza unaliweka pande mbele ya kamera, unakata ganda jembamba upande wa mwanzo, unapiga picha uso uliobaki. Unakata tena, unapiga tena. Picha zikifuatana kwenye kompyuta, mtu wa nta anainua mkono.

Utamu wake ni huo, na uchungu wake uko hapo hapo. Unapojenga huoni kitu, unakwenda kwa kukisia. Unapokata ndipo unaona, lakini ulichokikata hakirudi. Kazi ya msimu mzima inaisha kwa asubuhi chache, na mezani yanabaki makombo ya kuyeyusha. Ukikosea, umekosea. Ndiyo maana nimekuwa mkali, watu wanisamehe. Na asubuhi ndio wakati wake, kabla jua halijapanda, kwa sababu mchana nta inalegea na kisu kinaburuta rangi.

Zamani nilikuwa mpiga picha Kasulu, picha za pasipoti na za harusi. Reverien alikuwa mkimbizi kambini Mtabila, anatengeneza mishumaa ya kanisa la pale. Sasa huyo ndiye aliyekuwa wa mishumaa, si mimi. Mishumaa yake ilikuwa na msalaba mwekundu ndani. Uwake mpaka uishe, msalaba bado upo, kwa kuwa aliupitisha toka juu hadi chini. Niliutazama ule mshumaa nikamwambia, ulaze huo msalaba kidogo kidogo, tuone. Alinicheka sana. Wiki iliyofuata alikuja nao mjini, tukaukata ganda kwa ganda mbele ya kamera yangu, na msalaba ukaanguka chini taratibu kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Tulitazamana. Tangu siku hiyo picha za harusi zilinitoka moyoni.

Tulitengeneza kuku anayedonoa, tukatengeneza mvua juu ya bati, tukatengeneza mwanamke anatwanga. Sinema fupi, ukipiga chafya imekupita. Pale Kasulu zilionyeshwa kwenye banda la video kabla ya picha za ngumi, na watu walipiga mluzi wakitaka ngumi. Kuku wetu alifika mpaka Dar es Salaam kwenye maonyesho, akasifiwa, tukaambiwa tungealikwa. Kuku alifika, sisi hatukufika.

Ndipo tukaanza ile kubwa, ya salamu. Kwetu Buha salamu si jambo la kupita njiani na kupunga mkono. Mgeni anakuja, unasimama. Mnainama kidogo, mnapiga makofi taratibu, halafu mnashikana mikono huku juu, karibu na mabega, na hamuachiani mpaka mmeulizana ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya mifugo. Warundi nao hawako mbali na hayo, ila wao husema "amahoro", yaani amani. Shida ya mtu haiulizwi kabla ya hapo. Watu wa mbali wanatucheka, wanasema Muha akikusalimia chakula kinapoa. Kipoe tu.

Tukakubaliana hivi: mimi nitengeneze mwenyeji, yeye atengeneze mgeni. Nusu ya pande yangu, nusu yake, kila mtu ajenge mtu wake kwa mikono yake, kisha tupashe moto nyuso za ndani, tuzigandishe pamoja, tukate. Mwenyeji wangu anasimama, anapiga makofi, anashika. Mgeni wa Reverien anatoka mbali, anakuja, anapiga makofi, anashika. Ili tusichanganye mwanzo na mwisho wakati wa kuunganisha, kila mmoja alibonyeza dole gumba mwishoni mwa nusu yake, nta ikiwa bado na joto. Mwisho ni pale wameshikana.

Nusu yangu ilikwisha mapema. Yake ilikuwa bado kidogo, maana Reverien hakuwa mtu wa kukimbizwa. Kambi ikafungwa, Warundi wakaambiwa warudi kwao, na magari yakaja kweli.

Siku ya kuagana nilimkuta kabeba nusu yake ndani ya kitenge, mgongoni, kama mtoto. Mama yake, Ndihokubwayo, alikuwa ameshapanda garini. Mama yule alikuwa amenilisha maharage ya kambini kwa miaka, akaniambia kwa Kirundi nisikonde. Nilimwomba Reverien tuunganishe hapo hapo na tukate hivyo hivyo, na mgeni asiyekamilika. Alikataa. Alisema tukiharakisha tutaiharibu, na nta haiozi.

"Hakuna mtu anayejisalimia mwenyewe, Bazilio," akaniambia. "Nitakuja nayo. Wewe usimkate huyo wako."

Nikamjibu milima ndiyo haikutani. Gari likaondoka. Nilisimama pale barabarani kama mjinga, vumbi likanijaa mpaka kinywani, na nilipofika chumbani sikuwa na wa kumwambia kwamba nimekula vumbi.

Kasulu ikanishinda. Kila kona nilimkuta yeye. Nikahamia Kibondo, nta ni nyingi kule na kwetu Busunzu si mbali, nikapanga chumba cha uani nyuma ya duka la Bi Kuruthumu. Huyo ni mama wa vitenge, watu wake wa Ujiji, ana moyo mzuri na mdomo ambao haujawahi kupata likizo. Nusu yangu nikaiweka ndani ya mtungi wenye mchanga mkavu, panya wasiiguse na joto lisiifikie. Nta ikikaa inaota ukungu mweupe juu, kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada niliitoa, nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha. Bi Kuruthumu aliniona, akauliza huyo mtoto atabatizwa lini.

Mwanzoni simu ilikuwa inapatikana. Reverien alikuwa kwao Makamba, ndugu wamegawana shamba, analala kwa shemeji. Mgeni ameshakamilika, alisema. Atakuja kiangazi. Kiangazi kikaja bila yeye, kikaja kingine, halafu simu ikawa ya yule dada anayesema mteja hapatikani. Nilimpigia hivyo hivyo. Wakati mwingine nilipiga nikijua ni yule dada atakayejibu, angalau nisikie mtu ananiambia kitu ndani ya chumba kile.

Upweke si kukosa watu. Kibondo ina watu, siku ya soko huwezi kupita. Lakini mtu wa kumwambia, "huu mchirizi wa bega umekaa chini mno," na akaelewa, akakubishia, akachukua kisu akuonyeshe, huyo sikuwa naye. Nilijaribu kutengeneza vidogo vidogo peke yangu. Paka. Moto wa jikoni. Nilivikata, nikavitazama, nikazima kompyuta. Vilikuwa vizuri, na sikuwa na wa kunitukana kwamba ni vibaya. Nilikuwa na huzuni, basi, sina haja ya kuizungusha.

Mwaka 2014 akaja kijana mmoja kutoka Dar, anaitwa Saady, alimkumbuka yule kuku. Mwenye adabu zake, shikamoo mzee kila mlangoni. Alitaka sinema kwa ajili ya maonyesho makubwa ya ng'ambo, na safari hii, alisema, mzee utapanda ndege mwenyewe. Nikamwonyesha nusu yangu. Nikamweleza habari ya nusu nyingine. Nilidhani atasikitika. Wapi! Macho yakamng'aa.

Alisema tukate hiyo hiyo. Upande wa pili tuuache mtupu. Mwenyeji asimame, apige makofi, ashike hewa. Alisema watu wa kule watalia, kwamba upweke ule ndio wenyewe wanaoutafuta, na hakuna aliyewahi kuuonyesha hivyo. Na alikuwa sahihi, laana yake! Hilo ndilo lililoniuma. Niliiona sinema ile kichwani mwangu, nikaona ni nzuri kuliko kuku na mvua na yote tuliyowahi kufanya. Nilikuwa mtu mzima nisiyejulikana na yeyote. Jicho langu la kushoto lilikuwa limeanza ukungu kama nta iliyokaa, na hospitali walisema la kulia litafuata. Mkataji asiyeona ganda ni mtu gani? Nisipokata sasa, huenda nisikate kamwe.

Saady alikaa Kibondo siku tatu akinisubiri. Bi Kuruthumu aliingia uani, akasahau utani, akaniambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mtu akinyimwa na ndugu asikatae cha mgeni. Siku ya mwisho nilitoa pande, nikaliweka mbele ya kamera, nikanoa kisu. Saady kasimama nyuma yangu, hata pumzi anaibana. Nikaweka kisu juu ya uso wa mwanzo.

Nikafikiri, Reverien akifika kesho, atamkuta mwenyeji amekwisha ondoka. Atasimama mlangoni na salamu yake mkononi.

"Mwanangu, nisamehe," nikamwambia Saady. "Huyu kasimama kumpokea mtu. Siwezi kumfanya apokee hewa."

Aliondoka bila kununa, nampa haki yake. Baada ya hapo hakuna aliyekuja tena. Bi Kuruthumu alinipa sahani ya ubwabwa, akaniita mbishi wa Kiha, na kwa siku kadhaa hakunitania. Hilo lilinitisha kuliko utani.

Halafu 2015, mwezi wa tano, redio ikaanza. Burundi kumechafuka, watu wanakimbia, wanavuka kwa maelfu, wengine wamejaa ufukweni mwa ziwa wakingoja meli ya kuwapeleka Kigoma. Nitasema jambo la aibu: watu walilia mbele ya redio ile, na mimi moyo wangu uliruka. Nilisema sasa atakuja. Nilifunga chumba, nikapanda gari la Kasulu, nikaenda Nyarugusu walikokuwa wanapelekwa.

Nilikwenda mara nyingi. Nilisimama penye ubao wa majina, nikauliza kwenye mabomba ya maji, nikauliza kwenye makanisa ya turubai. Reverien, fundi wa mishumaa, aliyekuwa Mtabila. Watu walitikisa vichwa kwa upole. Wakongo wa zamani wa pale walinipa kiti. Wapo walionitajia Reverien wengine, nikawafuata, nikawakuta vijana wasionijua wananitazama kwa matumaini, wakidhani ni mimi niliyewaletea habari. Nilirudi Kibondo kila mara na viatu vyekundu kwa udongo, nikafuta ukungu wa nta, nikairudisha mtungini.

Mwezi wa kumi wakafungua tena kambi ya Nduta, hapa hapa kwetu, mabasi yakawa yanawaleta watu kutoka Nyarugusu. Asubuhi moja Bi Kuruthumu akanigongea. Alisema kuna bibi dukani anamtafuta yule wa sinema za nta. Hakusema Mzee wa Mishumaa. Hapo nikajua kwamba mgeni huyo ananijua kweli.

Alikuwa mama Ndihokubwayo, mama yake Reverien. Amekuwa mdogo, amebaki kama shingo na macho. Mgongoni kafunga kitenge, na ndani ya kitenge kuna kitu. Nilitazama nyuma yake, nikatazama barabarani. Akaona ninavyotazama, akanishika mkono, akatikisa kichwa. Kumbe Nyarugusu nzima nilikuwa naulizia jina la mtu ambaye hakufika.

Alinieleza akiwa amekaa kwenye kigoda changu, kwa sauti ya chini, Kirundi na Kiswahili pamoja. Ilikuwa ufukweni, wakingoja meli. Kipindupindu kiliingia. Giza lilikuwa baya, watu wanaugua na hakuna anayeona anamshika nani. Reverien alikata nta yake, akaisokotea kwenye vitambaa, akawagawia wenye wagonjwa. Mama alimgombeza, hii ni ya Bazilio. Alijibu kwamba Bazilio angekata pia. Halafu na yeye akaugua, na ni mama aliyekata, ili amwone mwanawe. Alikufa siku moja kabla meli haijamfikia. Walimzika huko huko.

Bi Kuruthumu alikuwa mlangoni, alisema innalillahi, akakaa chini pale pale kizingitini na vitenge vyake mapajani.

Mama akafungua kitenge mgongoni, akaniwekea mezani kipande cha nta. Kimebaki kifupi, kiasi cha ngumi mbili. Kimeota ukungu. Nikakifuta, nikakigeuza, nikatafuta kwa kidole maana jicho halikunisaidia. Dole gumba lilikuwepo.

"Alikuonyesha upande wa kukata?" nikamuuliza.

"Alinikataza kugusa wenye dole," akasema mama. "Alisema, anzia upande huu, ule ni wa kwake."

Nililia mbele ya wanawake wale, na sikuona haya. Na mama akaongeza, kama jambo dogo, kwamba kila alipokata, Reverien alimwomba amsogezee uso wa pande autazame kwanza. Aliutazama, halafu ndipo aliporuhusu ganda lisokotwe. Mpaka alipokuwa hawezi kuinua kichwa, alitazama.

Tuliunganisha asubuhi ile ile. Nilipasha nyuso za ndani, nikaligandisha pande lake ubavuni mwa pande langu, kule mwishoni, dole kwa dole. Pale mwanzo palipokosekana nilijaza nta ya njano tupu, haina mtu. Tukaliacha lipoe hadi kesho yake. Kukicha nikaanza kukata, mama kwenye kigoda, Bi Kuruthumu akishika kitambaa cheupe dirishani ili mwanga usinichezee. Duka lilikuwa limefungwa, sijui kama lilishawahi kufungwa.

Mwenyeji wangu alisimama. Mbele yake njano. Nikakata, nikapiga picha. Akainama, mbele yake njano. Akapiga makofi, na mbele yake hakuna kitu, ile ile sinema ya Saady. Jua likapanda, tukaacha, tukaendelea kesho yake. Makombo yakajaa mezani, na mwenyeji bado anapiga makofi. Mama hakuondoa macho.

Halafu nikakata ganda moja, na Reverien alikuwa hapo. Sikumwona akija. Yupo tu, shati jekundu, kichwa kimelala kidogo kulia kama alivyokuwa mwenyewe, na mikono yake imeshamshika mtu wangu mabegani. Michirizi ilikutana sawasawa. Nilijenga nikikisia na yeye alijenga akikisia, nchi mbili, na vidole vyake vilikaa palepale nilipomwachia nafasi.

Niliendelea mpaka madole gumba yakatokea, nikapiga picha ya mwisho, nikaweka kisu chini. Mezani hapakubaki pande. Chumba kilinuka asali. Nilikuwa nimeuona mwisho wote, na bado kuna kitu sikukiona.

"Mama," nikasema, "alikujaje?"

Mama Ndihokubwayo alinijibu kwa miguu. Aliinuka, akaweka kitenge chake begani, akapita karibu na Bi Kuruthumu, akatoka mpaka mwisho wa uani, kule kwenye kamba ya nguo. Akageuka. Akaanza kuja. Si mwendo wake, yeye anachechemea. Alikuja polepole, hatua ndefu, kichwa kimelala kulia, mkono mmoja umeshika kamba ya mfuko ambao haukuwepo begani. Akasimama kidogo katikati ya ua, akatazama nyumba kama mtu anayehakikisha kwamba ndiyo yenyewe. Akatabasamu, akaja tena. Alikuwa ameyatazama yote, ganda kwa ganda, kwanza kisu kikiwa mkononi mwa mwanawe, kisha mkononi mwake.

Akafika mlangoni kwangu. Akainama, akapiga makofi taratibu.

Kamera niliiacha mezani. Salamu yetu inataka mikono yote miwili. Nikasimama, nikainama, nikapiga makofi, akanishika mabegani nami nikamshika.

"Amahoro," akasema.

Akaniuliza habari za nyumbani, za shamba, za macho yangu, za nyuki. Nikamjibu moja moja mpaka zikaisha, kisha nami nikamuuliza zake.